Ndege Kuukuu Haipimwi kwa Rangi

Mkulima wa Ufipa anapokwenda mnadani kutafuta maksai wa kukokota plau, hanunui ngozi. Humfungua mnyama kinywa akatazama meno, humwinamia miguuni akakagua kwato, humtembeza hatua ishirini aone kama anachechemea, kisha humwuliza mwenye mali: Huyu amelima misimu mingapi, na kwa nini unamwuza? Asipopata jawabu la kumridhisha hurudi nyumbani na fedha zake kibindoni, wala hakuna jirani atakayemcheka. Akili hiyo ya mnadani ndiyo yafaa tuitumie katika jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza liko mbali sana na zizi, nalo ni ununuzi wa ndege ndogo iliyokwisha kutumika.

Wapo watakaouliza: Sisi wanachama na wafanyakazi tuna nini na ndege? Hiyo ni mali ya matajiri na wageni. Jawabu limo katika ramani. Mji wa Sumbawanga uko kilomita zaidi ya 1,000 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Umekaa juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Mashariki, uwanda huo unakatika ghafla katika ukuta wa Lyamba lya Mfipa, na chini yake, kiasi cha mita 1,000, liko bonde la Rukwa. Magharibi ardhi inateremka vile vile mpaka pwani ya Ziwa Tanganyika, kwenye vijiji vya Kirando, Kabwe na Kasanga. Barabara ya Tunduma mpaka Sumbawanga, yenye urefu wa kilomita 224, ilitiwa lami kwa fedha za mpango wa Changamoto ya Milenia wa Marekani uliodumu toka 2008 hadi 2013, na faida yake kila mtu ameiona. Lakini barabara moja kuu haiwezi kufika katika kila kijiji cha bondeni au cha ziwani, na mvua za masika haziwangojei wagonjwa.

Ndege ndogo, kwa hiyo, si pambo. Ni chombo cha kazi kama vile trekta, mashua na lori. Tangu 1957, ulipoanzishwa mjini Nairobi utumishi wa madaktari wanaoruka, ambao leo twaujua kwa jina la AMREF, ndege za injini moja au mbili zimewafikia watu wa Afrika ya Mashariki mahali ambapo gari lingechukua siku kadhaa. Tena bonde la Rukwa lina sababu yake ya pekee. Ni mojawapo ya mazalio makubwa ya nzige wekundu, wale walioshambulia mashamba ya nchi nyingi za kusini mwa Afrika toka 1930 hadi 1944. Mwaka 1949 mataifa yaliyotawala wakati ule yaliunda shirika la kupambana na nzige hao, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala katika Zambia, jirani kabisa na Ufipa. Na hata mwaka 2009, nzige walipozidi katika mbuga za Rukwa, Iku-Katavi na Malagarasi, kazi ya kuwazuia ilifanywa kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na dawa ikanyunyizwa kutoka angani.

Ndege mpya ina bei kubwa. Ndiyo maana hospitali, misheni, makampuni ya utalii na vyama vya watu wanaotaka ndege ndogo aghalabu huitazama ile iliyokwisha kutumika. Na hizo zilizotumika zimetumika hasa. Kiwanda cha Cessna cha Marekani, ambacho ndege yake ya aina ya 172 ilianza kuuzwa 1956 na kuundwa kwa makumi ya maelfu, kilisimamisha mwaka 1986 uundaji wa ndege ndogo za injini za pistoni, kikaurudia miaka 10 baadaye. Kwa hiyo ndege ambayo mnunuzi anaonyeshwa leo yaweza kuwa na umri kuliko rubani atakayeirusha.

Uzee peke yake si ugonjwa. Ndege iliyotunzwa vema huruka salama kwa miaka mingi. Lakini ndege kuukuu ina siri nyingi kuliko gari kuukuu, na siri ya gari ikifichuka njiani dereva husimama kando ya barabara. Angani hakuna kando ya barabara.

TUMEKWISHA KUUZIWA MBUZI GUNIANI

Nchi yetu haikosi mafunzo katika habari hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilianzisha ule mpango wake maarufu wa karanga, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mapya hayakupatikana upesi. Wakubwa wa mpango wakanunua matrekta yaliyotumika vitani, mengi yakiwa yamelala katika bohari za jeshi la Marekani huko Philippines. Hayakukaguliwa ipasavyo. Yalipofika Kongwa yaligongana na visiki na udongo mgumu, na kabla ya mwaka ule wa kwanza kwisha sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imelala tena, mara hii katika karakana, yakingoja vipuli. Mpango ulivunjwa rasmi Januari 1951, na kiasi cha pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara. Kongwa ilishindwa kwa sababu nyingi, uchache wa mvua ukiwamo, lakini mashine kuukuu zilizonunuliwa kwa haraka ni mojawapo ya sababu za kwanza.

Iwapo mtu atasema hayo yalikuwa makosa ya wakoloni, na atazame hesabu iliyo karibu zaidi. Mwaka 2007 Shirika la Ndege la Tanzania lilitia sahihi mkataba wa kukodi ndege ya aina ya Airbus A320 iliyokwisha kutumika, kutoka kwa kampuni ya Wallis Trading, kwa dola 370,000 kila mwezi. Ndege hiyo ilitumikia abiria wetu kwa miezi michache tu mwaka 2008, kisha ikapelekwa nje kwa matengenezo makubwa. Ilipokuwa huko haikuleta hata senti, lakini kodi iliendelea kudaiwa. Mkataba ukawa kesi, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya London ikaamua kwamba kampuni ile inastahili kulipwa zaidi ya dola milioni 30.

Ndege ile ilikuwa kubwa, nasi twazungumza juu ya ndege ndogo. Tena ile ilikodiwa, haikununuliwa. Lakini swali lililo muhimu ni lile lile, na mkulima wa Ufipa angeliuliza kabla ya kutoa shilingi: Matengenezo makubwa yajayo yataangukia lini, na ni nani atakayeyalipia?

DAFTARI KWANZA, NDEGE BAADAYE

Mnunuzi mgeni hukimbilia kuketi katika kiti cha rubani na kushika usukani. Mnunuzi mjuzi huomba madaftari. Kila ndege halali ina daftari la kiwiliwili, daftari la injini na daftari la rafadha, yaani ile propela. Ndani yake mafundi wameandika kila saa iliyoruka, kila kifaa kilichobadilishwa na kila ajali iliyotengenezwa, na chini ya kila habari pana sahihi na namba ya leseni ya fundi. Daftari ni ushahidi wa maisha ya ndege. Ndege isiyo na madaftari kamili ni sawa na mtu aombaye kazi ya uhazini ambaye hataki kusema miaka 10 iliyopita alikuwa wapi.

Katika kusoma madaftari yafaa mambo haya yaangaliwe. Namba zilizochapwa katika kibati cha ndege, cha injini na cha rafadha zilingane na zile za daftarini. Miaka isiwe na mapengo. Palipo na pengo, mwenye mali aeleze ndege ilikuwa imewekwa wapi. Saa ya injini ikiwa imebadilishwa, saa za zamani ziwe zimejumlishwa na za sasa. Kisha liko jambo ambalo wauzaji wengi hulipita kimya, nalo ni maagizo ya usalama. Kila panapogunduliwa hatari katika aina fulani ya ndege, mamlaka ya nchi iliyoiunda hutoa agizo la lazima kwamba kifaa fulani kikaguliwe au kibadilishwe. Mnunuzi yampasa aipate orodha yote ya maagizo ya aina ile ya ndege, kisha atafute daftarini, moja baada ya moja, kama kila agizo limetimizwa, na lini, na nani. Kazi hiyo huchosha macho. Lakini macho yaliyochoka ni bora kuliko macho yanayolia.

Vile vile lazima ijulikane kama ndege imewekwa rehani kwa benki au ina deni mahali popote. Ikitoka nchi ya nje, ni lazima ifutwe katika rejista ya huko na iletwe na cheti cha kusafirishwa kinachothibitisha kwamba yastahili kuruka, ndipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania itakapoweza kuiandikisha na kuipa alama za 5H, ambazo ndizo alama za ndege zetu. Muuzaji anayesema kwamba karatasi zitafuata baadaye hana karatasi.

INJINI HUSEMA KWELI IKIULIZWA VIZURI

Injini ya ndege ndogo haina maisha yasiyo na mwisho. Injini nyingi za Lycoming za silinda nne, kwa mfano, mtengenezaji wake ameshauri zifunguliwe na kufanywa upya zikitimiza saa 2,000 za kazi au miaka 12, lolote litakalotangulia. Basi ndege inayouzwa kwa bei rahisi ikiwa na saa 1,900 katika injini haina bei rahisi. Bei yake ya kweli ni ile iliyotajwa pamoja na gharama ya kuifanya injini upya, na gharama hiyo ni mzigo mkubwa.

Lakini na kinyume chake kitazamwe. Wako wanaofurahi wakiambiwa ndege ina saa chache sana kwa sababu imekaa bandani miaka mingi. Furaha hiyo ni ya haraka. Katika injini za Lycoming ule mhimili unaofungua vali uko juu, na injini ikilala bila kuwashwa oili huteremka ikauacha mkavu, na kutu ikaingia. Kutu hiyo haionekani kwa nje. Huja kujionyesha baada ya ndege kununuliwa na kuanza kazi, pale vipande vya chuma vinapoonekana katika oili. Ndege inayoruka kila wiki yaweza kuwa na afya kuliko ile iliyofunikwa turubai.

Kipo kipimo cha silinda ambacho hata mtu asiye fundi anaweza kukielewa. Fundi hutia hewa katika silinda kwa nguvu ya ratili 80 kwa kila inchi ya mraba, kisha husoma katika geji ya pili ni kiasi gani kilichobaki. Husemwa 76 juu ya 80, au 70 juu ya 80. Namba inapokuwa ndogo sana, au silinda moja inapoachana mno na wenzake, fundi hutega sikio. Hewa ikivuma katika bomba la moshi, vali ya kutolea moshi haifungi. Ikivuma upande wa kabureta, vali ya kuingizia ina kasoro. Ikivuma katika tundu la kutilia oili, ringi za pistoni zimekwisha. Tena siku hizi hupitishwa kamera ndogo kwenye tundu la plagi, na vali ikaonekana kama imeungua. Kichujio cha oili nacho kikatwe na kukunjuliwa mezani, sumaku ipitishwe, itazamwe kama pana chembe za chuma. Haya yote ni kazi ya siku moja au mbili. Muuzaji anayeyakataa ameshajibu swali.

KIWILIWILI NA MABAWA

Wazee wa Ufipa walikuwa mabingwa wa chuma. Waliyeyusha udongo wa chuma katika tanuri ndefu ziitwazo malungu, zenye kimo cha kumpita mtu, na mabaki yake bado yaonekana katika uwanda wetu. Lakini chuma kilichotoka katika ilungu hakikufuliwa jembe papo hapo. Kilitiwa tena katika tanuri ndogo, kintengwe, kikasafishwa, ndipo mhunzi akakikubali. Waliijua tabia ya madini: kwamba yaweza kuonekana mazima na ndani yana kasoro.

Ndege ndogo nyingi zimeundwa kwa bati la aluminiamu lililofungwa kwa ribiti. Adui zake wakubwa ni wawili, kuliwa na chumvi na kuchoka. Ndege iliyofanya kazi pwani au visiwani kwa miaka mingi, karibu na maji ya chumvi, yapasa itazamwe ndani ya mabawa na mkia kwa kurunzi na kioo, kupitia vile vifuniko vidogo vya ukaguzi. Unga mweupe na rangi iliyovimba kuzunguka ribiti ni dalili ya bati linaloliwa. Ndege iliyokuwa ikinyunyiza dawa mashambani au kwenye nzige yataka uangalifu zaidi, kwani dawa nyingine hula madini. Hata panya wana sehemu yao. Wakifanya kiota ndani ya bawa, mkojo wao huliozesha bati. Nao nyigu wanaofinyanga udongo hupenda kuziba kile kijibomba kinachompa rubani habari ya mwendo wa ndege.

Ama kuchoka kwa madini, huko ndiko kwenye hatari kubwa, kwa kuwa hakuonekani kwa macho. Kila ndege inapopaa na kutua, mhimili mkuu wa bawa hupinda kidogo na kurudi. Baada ya maelfu ya safari ufa mwembamba kama unywele huweza kuanza katika tundu la bolti. Tarehe 4 Aprili 1968 haihusiki hapa. Tarehe inayotuhusu ni 4 Aprili 2018, huko Daytona Beach katika Marekani, ambapo ndege ya mafunzo ya aina ya Piper PA-28R ilikatika bawa la kushoto muda mfupi baada ya kupaa. Watu wote wawili waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulionyesha ufa wa uchovu katika mhimili wa bawa, kwenye tundu la bolti. Na ndege ile iliundwa 2007. Kwa hesabu ya miaka haikuwa kuukuu. Ilikuwa imechoshwa na maelfu ya saa za kufundishia wanafunzi kupaa na kutua. Mwanzoni mwa 2021 mamlaka ya Marekani ilitoa agizo kwamba ndege nyingi za jamii hiyo zipimwe katika matundu hayo kwa umeme unaotambua ufa usioonekana.

Basi swali la umri halitoshi. Lazima iulizwe pia: Ndege hii ilikuwa ikifanya kazi gani? Ya kufundishia imetua mara nyingi. Ya viwanja vya changarawe ina rafadha iliyokwaruzwa na mawe na miguu iliyopigwa. Ya mtu binafsi huenda imelala mno. Kila kazi huacha alama yake mwilini, kama ilivyo kwa binadamu.

HEWA YA UFIPA SI HEWA YA PWANI

Hapa ndipo wengi hukosea, hata wale waliokagua kila kitu kingine. Ndege hukaguliwa na kujaribiwa Dar es Salaam, ikapaa vizuri mbele ya wanunuzi, watu wakapiga makofi na kutia sahihi. Kumbe chombo kile kimenunuliwa kwa ajili ya Sumbawanga.

Juu ya uwanda wetu hewa ni nyepesi. Siku yenye joto la sentigredi 25, hewa ya Sumbawanga ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko hewa ya Dar es Salaam. Rubani husema kwamba siku hiyo ndege hujiona iko katika kimo cha futi 8,500, ingawa kiwanja chenyewe kiko chini ya futi 6,000. Hewa ikiwa nyepesi injini isiyo na tabo hupumua kidogo ikapoteza nguvu, rafadha hushika kidogo, na mabawa hubeba kidogo. Hasara tatu kwa pamoja. Ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, na ikishapaa hupanda polepole.

Jambo hili si geni katika pande hizi. Mwaka 1920 marubani wa Afrika ya Kusini, van Ryneveld na Brand, waliokuwa wakisafiri kutoka London kwenda Cape Town, walipita Abercorn. Siku chache baadaye, mwezi Machi, walipopaa kutoka Bulawayo ambako nako ni nyanda za juu, ndege yao nzito haikuweza kupata kimo katika hewa ile, ikaanguka. Walinusurika, wakamaliza safari yao kwa ndege nyingine. Chombo kilichowafaa chini hakikuwafaa juu.

Kwa hiyo mnunuzi wa Ufipa asome majedwali katika kitabu cha ndege, akitafuta umbali wa kupaa kwa kimo cha Sumbawanga na joto la mchana wa Oktoba, si kwa kimo cha bahari. Na akumbuke ya kuwa namba zile zilipatikana kwa ndege mpya. Ndege ipimwe uzito katika mizani, kwa sababu kila mara ilipopakwa rangi na kuongezwa vyombo iliongezeka uzito, na uzito ule hupunguza mgonjwa au muuguzi. Ndege ya viti sita yaweza, mchana wa joto, kuwa ndege ya watu watatu tu. Kiwanja cha Sumbawanga kwa miaka mingi kilikuwa cha changarawe, na kimeingizwa katika mpango wa kujengwa kwa lami pamoja na vile vya Kigoma, Tabora na Shinyanga kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Lami itasaidia magurudumu, haitaongeza hewa.

Pamoja na hayo iulizwe habari ya mafuta. Injini ndogo za pistoni hutumia petroli ya ndege, ambayo si ile ya vituo vya magari, wala haipatikani kila mahali panapopatikana mafuta ya ndege za jeti. Chombo kisicho na mafuta ya karibu ni mapambo ya kiwanja.

FUNDI ASITISHWE

Nani, basi, afanye ukaguzi? Asiwe fundi wa muuzaji, wala fundi aliyekuwa akiitunza ndege ile, kwa maana hakuna mtu apendaye kuandika ripoti ya kujishtaki. Awe fundi mwenye leseni na mwenye kuijua aina ile ya ndege. Achaguliwe na mnunuzi, alipwe na mnunuzi, na aandike ripoti kwa mkono wake na kutia sahihi. Katika mapatano iandikwe wazi kwamba fedha ya kwanza ishikwe na mtu wa tatu, na irudishwe pakionekana kasoro inayozuia ndege kuruka kwa usalama. Baada ya ukaguzi wa chini, rubani anayeaminiwa na mnunuzi airushe ndege ikiwa na mzigo kama ule itakaoubeba kazini, na ikitua itazamwe tena kama inavuja.

Hayo ni ya karatasi. Liko kubwa kuliko hayo, nalo lawahusu hasa wafanyakazi. Mara nyingi hasara za umma hazitokei kwa kukosa mtu anayejua. Hutokea kwa sababu anayejua yuko chini, na anayetaka kununua yuko juu. Fundi husema kimoyomoyo kwamba chombo hiki hakifai, lakini mkubwa amekwisha kuahidi, picha zimekwisha kupigwa, siku ya sherehe imetangazwa. Fundi huyo akinyamaza, amekula njama bila kupata hata senti. Akisema na akaadhibiwa, basi ofisi nzima imefundishwa kunyamaza. Kiongozi wa kweli wa wananchi ni yule anayemwambia fundi mbele ya watu: Ukisema hapana, hapana yako itakuwa ya sisi sote.

Vijana wetu sasa wanafundishwa matengenezo ya ndege hapa hapa nchini, katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini elimu yao itakuwa bure iwapo watafundishwa kuona ufa, kisha wakaajiriwa ili wasiuone.

Husemwa kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Upo uchawi wa siku hizi ambao nao wastahili kutupwa. Ni uchawi wa rangi mpya juu ya bati lililooza, wa bei ya leo tu mwisho kesho, wa mjumbe anayelipwa kwa kadiri ndege inavyouzwa na si kwa kadiri inavyoruka. Dawa yake ni daftari, kurunzi, geji na mizani, pamoja na mtu mwenye ujasiri wa kusoma matokeo kwa sauti.

Mwenye hospitali, mwenye ushirika, mwenye halmashauri, na kila aliyekabidhiwa fedha zisizo zake, akifikiwa na habari ya ndege nzuri inayouzwa rahisi, asiione aibu kutumia sehemu ndogo ya fedha hizo kwa ukaguzi ambao mwisho wake utakuwa kukataa. Fedha ya ukaguzi ulioishia kukataa haikupotea. Imenunua uhai wa rubani, wa muuguzi na wa mama mjamzito wa bonde la Rukwa ambaye siku moja atapandishwa ndani ya chombo hicho, bila kuulizwa kama amekiamini.